Shoga Yangu Anakuja Kutembea na Mbuzi Wake, Nami Nimeshamuuza!

Wapenzi wasomaji, kuna siku binadamu unapokea habari njema halafu badala ya kufurahi tumbo linaanza kukuuma. Mwenzenu yalinikuta hayo mwezi Januari 2026, na mpaka leo ninapoandika safu hii bado sijapona vizuri.

Ilikuwa ni Jumamosi, nimekaa barazani hapa kwetu Mtendeli nachambua maharage, simu ikalia. Kufungua, nakutana na picha ya shoga yangu wa siku nyingi ambaye sasa anaishi Marekani, jimbo la Ohio. Kasimama shambani, kavaa koti zito kama mlinzi wa usiku, mkononi kashika kamba. Sasa huko mwisho wa kamba ndiko kulikokuwa na kasheshe. Kulikuwa na mnyama ambaye, haki ya nani, sikumwelewa. Shingo ndefu kama mtoto wa twiga, manyoya kama kondoo ambaye hajanyolewa tangu azaliwe, macho makubwa kama ya bibi harusi aliyepakwa wanja, na meno ya chini yametokeza kidogo kama babu aliyesahau kufunga mdomo.

Mama akachungulia begani kwangu.

"Huyo ni kondoo au ngamia?"

"Mama, hata mimi najiuliza."

Mara ikaingia sauti ya shoga yangu mwenyewe, anacheka. Akasema mnyama huyo anaitwa alpaka. Kuna shamba huko kwao, mtu unakwenda, unalipa dola 25, unakabidhiwa alpaka na kamba yake, unatembea naye porini muda wa saa moja, halafu unamrudisha zizini unakwenda zako nyumbani.

Nikapiga hesabu haraka haraka. Dola 25 kwa fedha zetu za madafu ni zaidi ya shilingi 60,000!

Mama akaacha ungo. "Amelipa yeye, au amelipwa?"

"Amelipa yeye, mama."

"Yaani mtu anatoa hela yake mfukoni, anachunga mnyama wa watu, jioni anamrudisha bila hata kukamua kikombe kimoja?"

"Ndiyo hivyo, mama."

Baba alikuwa amelala kwenye mkeka, tukadhani hasikii. Akasema bila kufumbua macho, "Nyie mmekaa na mbuzi miaka yote mkidhani mnafuga, kumbe mlikuwa na hoteli ya kitalii." Tukacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Msomaji wangu, usinione mshamba. Na mimi nilitafuta habari za huyu kiumbe nisije nikaulizwa nikabaki nimetoa macho. Kumbe alpaka ni wa ukoo mmoja na ngamia, ila hana nundu. Kwao hasa ni milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, na nchi ya Peru ndiyo yenye alpaka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wenyeji wa milima ile walimfuga maelfu ya miaka kabla mzungu hajafika. Wanamnyoa sufu mara moja kwa mwaka, na nyama yake wanakula. Mizigo hawambebeshi, kazi hiyo anayo ndugu yake mkubwa aitwaye lama. Mimba yake inakaribia miezi 11 na unyago wote huo ni kwa mtoto mmoja tu! Mbuzi wetu kwa miezi 5 anakuletea mapacha.

Tena ana tabia zake. Akiwa na wasiwasi anatoa sauti kama mtu anayeimba huku kafunga mdomo. Akiudhika anatema mate. Hapendi upweke hata kidogo. Ukimtenga na wenzake anaweza kuugua, kwa hiyo huko mashambani wanawatembeza wakiwa wawili watatu. Hapo nikasema ahaa, kumbe na yeye ni Mha tu, hatembei peke yake kwenda hata kisimani.

Basi nikiwa bado nacheka, ikaingia sauti ya pili. Hiyo ndiyo iliyoniua.

"Shoga, nimekata tiketi. Julai nakuja. Sitaki hoteli, sitaki kupelekwa mahali. Nataka kufanya hicho nilichofanya na alpaka, lakini na mbuzi wangu. Nimshike kamba mwenyewe, twende naye mpaka mtoni. Nilivyopewa ile kamba hapa, nilimkumbuka yeye nikalia mbele za watu."

Nikaiweka simu chini taratibu kama vile ni yai. Mama akauliza, "Vipi, amefiwa?"

"Hapana mama. Anakuja. Anataka mbuzi wake."

Mama akaniangalia. Baba akafumbua macho. Hakuna aliyecheka tena.

Sasa ili unielewe inabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Mtendeli yetu iko wilaya ya Kakonko, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa ni sehemu ya Kibondo. Sisi tumekua tukiona wakimbizi toka enzi za wazazi wetu. Miaka ya tisini Warundi walikimbilia huku na kambi ya Mtendeli ikawa mojawapo ya kambi za Kibondo. Halafu mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena. Nyarugusu kule Kasulu ikajaa mpaka ikamwagika, na mwezi Januari 2016 kambi ya Mtendeli ikafunguliwa kupokea watu. Katika mwaka ule ule ilifika watu karibu 50,000. Hebu fikiria, kijiji kinalala kikiwa kijiji, kinaamka kina jirani ambaye ni mji.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka 16, niko sekondari. Mama alikuwa akiuza ndizi na maharage kwenye soko la karibu na kambi, nami siku za Jumapili nilikuwa msaidizi wake. Pale ndipo nilipomkuta msichana wa rika langu anauza mandazi. Alikuwa na kelele kuliko wauzaji wote. Kirundi chao na Kiha chetu ni kama watoto wa mama mmoja, hakuna haja ya mkalimani. Mbuzi wao ni impene, na sisi tunajua anazungumzia nini. Siku ya kwanza aliniuzia mandazi mawili, ya pili akanipa moja la bure, ya tatu tukawa mashoga.

Lakini urafiki wetu ulikuwa na mpaka. Mimi niliweza kutembea popote. Yeye hakuweza. Kwa utaratibu wa makambi ya huku, mkimbizi alikuwa hatakiwi kuvuka kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Nami kila mara nilikuwa nikimpigia hadithi za kwetu. Nilimsimulia mto wetu ulioko bondeni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, maji yake baridi, mawe yake makubwa tunayoanikia nguo. Nikimaliza anasema, "Siku moja." Mto upo, miguu anayo, na hajawahi kuuona kwa macho yake.

Mwaka 2018 akaniambia amekusanya hela ya mandazi anataka kununua mbuzi. Nikamuuliza utamchungia wapi? Akacheka. "Nitamragiza kwenu."

Kwa wasomaji wa Dar ambao hawajui, kuragiza ni mila ya zamani ya upande wetu na ya Burundi. Una mnyama lakini huna malisho au huna wa kuchunga, unampeleka kwa mtu unayemwamini. Anafuga yeye, mnyama anabaki kuwa wako, na wakizaliwa watoto mfugaji naye anapata chake kwa makubaliano. Hakuna karatasi wala muhuri. Karatasi yake ni uso wako na jina la baba yako.

Alinunua mbuzi jike mdogo kwa shilingi 40,000, rangi ya kahawia, ana doa jeupe usoni. Nikaondoka naye kamba mkononi, shoga yangu amesimama pale sokoni anatuangalia mpaka tukapotea. Baada ya hapo nikawa namleta yule mbuzi sokoni Jumapili mojamoja ili mwenyewe amwone. Alikuwa akifika anamshika sikio, anamsemesha Kirundi kama mtoto, halafu muda ukiisha ananirudishia kamba. Zilikuwa mara nne au tano tu. Mwenye mbuzi hakuwahi kumtembeza hata hatua 50.

Mwaka 2019 jina lake na la familia yake yakatoka, wakaondoka kwenda Marekani. Siku ya kuagana tulilia mpaka mandazi yakaungua. Neno lake la mwisho likawa, "Nitunzie mbuzi wangu." Nikamwambia, "Ondoa shaka."

Ondoa shaka! Mdomo huu!

Yule mbuzi alizaa mapacha mwaka ule ule, dume na jike, wote weusi kama baba yao. Dume lilikuwa fungu letu, tukalila Krismasi. Jike likabaki na mama yake. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari.

Mwaka 2020 mwenzenu nikashikwa na kichaa cha kurisiti. Kidato cha nne nilimaliza 2018 na hisabati ikanipiga mweleka mbaya. Nikajiambia nikirudia mtihani nikapata japo D, nitapata chuo, nitakuwa mtu. Ada ya mtihani inatakiwa, nauli ya kwenda kituoni inatakiwa, na baba alikuwa na mguu mbovu, kibarua hakuna. Asubuhi moja nilimfungua yule mbuzi wa kahawia, nikampeleka mnadani, nikauza shilingi 70,000. Mama alikuwa shambani. Aliporudi akakuta kamba tupu.

Hakunipiga. Alisema hivi tu, "Umeuza kitu cha mtu asiye na pa kuja kukidai." Halafu akamfunga yule jike mweusi karibu na mlango wa chumba chake. Akaniambia huyo nikimgusa nitafute kwetu kwingine.

Wasomaji, ningekuwa nimemwambia mwenzangu siku ile ile, leo nisingekuwa na safu ya kuandika. Sikumwambia. Akiniuliza mbuzi wangu hajambo, najibu hajambo. Akisema nitumie picha, naenda kwa jirani ambaye ana mbuzi wa kahawia mwenye doa jeupe, napiga picha natuma. Kila mwaka! Wakati mwingine namwambia jirani amsogeze mbuzi jua lisimpige usoni. Miaka mitano nimekuwa mpiga picha wa mbuzi wa watu.

Na hisabati? Subirini, tutafika.

Basi usiku ule wa Januari sikulala. Nikatoa daftari, nikaanza kupanga ugeni kama kamati ya harusi.

Mpango wa kwanza ulikuwa kumpoteza njia. Nikasema nisimlete kabisa upande wa mbuzi, nimpeleke Gombe! Mkoa wetu una kitu ambacho Ohio nzima hawana. Wazungu wanapanda ndege mbili tatu kuja kutembea msituni nyuma ya sokwe. Jane Goodall alifika pale mwaka 1960 akiwa binti wa miaka 26, umri wangu huu huu, akakaa mpaka sokwe wakamzoea. Mwaka 1968 pakawa hifadhi ya taifa. Mama yule amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na dunia nzima ikalitaja jina la Gombe. Nikaona hapo nimepata. Shoga atasahau mbuzi.

Nikaanza kupiga hesabu. Basi la kwenda Kigoma mjini, kulala Kigoma, boti, maana Gombe hakuna barabara, ni ziwani tu. Kiingilio, mwongozaji, chakula. Halafu nikasoma masharti. Sokwe unakaa naye mbali, mita 10, na ukiwa na mafua huruhusiwi kumsogelea maana magonjwa yetu yanawaua. Nikajiuliza, huyu mtu kasema anataka kushika kamba, mimi nimpeleke akatazame mnyama kwa mbali asiruhusiwe kumgusa? Si ndiyo yale yale ya sokoni? Nikaichana karatasi.

Mpango wa pili ulikuwa wa kihuni, nauona aibu hata kuuandika. Ni kumnunua yule mbuzi wa jirani. Si ndiye wa kwenye picha? Shoga anamjua kwa sura, atakuja amshike kamba, twende mtoni, tupige picha, arudi Marekani, siri iende kaburini. Nikaenda kwa jirani. Jirani naye si mtoto mdogo, ameshaona nina haja. Akataja 150,000. Nikamwambia kaka, kwa bei hiyo si bora ninunue alpaka! Akajibu, "Miaka yote unampiga picha bure, mimi nimenyamaza. Sasa na mimi ni zamu yangu."

Nikarudi nyumbani nimenywea. Nilikuwa na shilingi 85,000 za akiba, nilizokuwa naweka kidogo kidogo za kununulia cherehani. Nikazihesabu mara tatu kama vile zinaweza kuongezeka.

Wakati huo mama naye alikuwa na mpango wake. "Mgeni anatoka Marekani," akasema, "lazima achinjiwe mbuzi."

"Mama! Mbuzi yupi?"

"Si yule mweusi. Ndiyo heshima."

"Mama, yule mweusi ni mtoto wa mbuzi wake. Yaani mtu anatoka Ohio kuja kutembea na mbuzi wake, sisi tunampa mtoto wa mbuzi huyo na ndizi?"

"Kwa hiyo unataka nimpe nini? Maharage? Atembezwe porini na mbuzi kama mtoto wa kuchunga, halafu alale na njaa? Watu watasema nini?"

Baba akaingilia. "Mpeni migebuka."

Mama akamwambia, "Wewe lala."

Lakini usiku alinifuata chumbani. Akakaa kwenye kitanda, akaniambia polepole. Sikiliza mwanangu, akasema, mbuzi wa kuragizwa akifa unaonyesha ngozi, akiliwa na fisi unaonyesha damu, akiuzwa unaonyesha uso. Huna ngozi, huna damu. Umebaki na uso, na huo nao unaufichaficha.

Asubuhi nikapiga simu. Kwetu jua limeshachomoza, kwao bado ni usiku. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye daftari nisije nikapotea, lakini alipopokea tu yote yakatoka pamoja kama maharage kwenye gunia lililopasuka. Nikamwambia mbuzi wako nilimuuza mwaka 2020. Nikamwambia na bei. Nikamwambia na picha za jirani. Nikamwambia samahani, hela yako ninayo, nitakulipa na faida yake.

Akanyamaza. Nikasikia gari linapita upande wa kwake. Mimi nikaanza kulia, si kilio cha maigizo, kile cha kwikwi.

Ndipo akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mbuzi wangu sikio la kushoto lilikuwa limekatika kipande kidogo kwenye ncha. Nilikuwa nikija sokoni namshika pale. Wa kwenye picha zako ana masikio mawili mazima."

Wasomaji, nilichoka. Mimi niliyemchunga yule mbuzi miaka miwili, niliyemfungua na kumfunga kila siku, nilikuwa nimeshasahau habari za sikio. Yeye aliyemshika mara nne au tano akiwa amesimama pale sokoni hakusahau.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Picha ya kwanza nilikasirika sana, nikataka nikufute kabisa kwenye simu. Ya pili nikasema labda amekufa anaogopa kuniambia. Ya tatu nikaanza kukuonea huruma, maana kila mwaka unahangaika na mbuzi wa watu." Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Lakini iliniuma, shoga. Sikuwa na kitu kingine chochote upande huo. Sina nyumba, sina shamba, kambi yenyewe imefungwa. Nikiulizwa huku una nini Afrika, nilikuwa najibu nina mbuzi."

Hilo neno ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Maana ni kweli, kambi ya Mtendeli ilifungwa mwezi Desemba 2021, waliobaki wakahamishiwa Nduta. Mtu akirudi kuangalia alipokuwa akiishi hana mlango wa kugonga. Alikuwa na mbuzi tu, na mbuzi huyo nilikula mimi kwa njia ya ada ya mtihani.

Nikamweleza habari za yule jike mweusi, kwamba mama alimkatalia kuuzwa, na sasa naye ana watoto wawili. Shoga akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Kwa hiyo ana wajukuu?"

"Wapo wawili. Mmoja ana doa jeupe usoni."

"Na wewe ulifaulu?"

"Nini?"

"Hisabati. Mbuzi wangu kaenda shule, nataka matokeo."

Nikameza mate. "Nilipata F tena."

Hapo alicheka mpaka nikasikia mtu wa kwake anaamka kuuliza kuna nini. Nami nikacheka machozi yananitoka. Alipotulia akaanza kutoa masharti kama hakimu. Kwanza, hela yake anaitaka, yote 70,000, hakuna faida lakini hakuna msamaha. Nikasema sawa. Pili, akija hakuna kuchinja mbuzi wa ukoo ule. Nikasema sawa. Tatu, kamba anashika yeye toka nyumbani mpaka mtoni na kurudi, mimi nitembee nyuma. Nikasema sawa, sawa, sawa.

Kwa hiyo wapenzi wasomaji, ratiba ya ugeni sasa ni hii, na kama na wewe una mgeni wa namna hiyo unaweza kuiga.

Atashuka Mwanza. Zamani safari ya kuja huku ilikuwa na adha ya kusubiri kivuko pale Kigongo, lakini toka Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, urefu wake kama kilomita 3, unapita juu ya ziwa kama unaota. Basi linakuja Geita, Nyakanazi, mpaka Kakonko, na ni lami. Nitampokea stendi.

Mwezi Julai ni kiangazi, hakuna matope njiani na mtoni maji ni machache, mawe yote yako nje. Tutaondoka alfajiri saa 12 kabla jua halijawa kali. Mbuzi tutakwenda nao wote watatu, mama na watoto wake, maana mbuzi naye kama alpaka, ukimtenga na wenzake atakupigia kelele njia nzima. Kamba nimeshasuka mpya ya katani. Nimeanza pia kumzoesha yule mweusi kutembea na kamba barabarani, maana kuchungwa na kuongozwa ni vitu viwili tofauti. Siku ya kwanza alinivuta mpaka kwenye shamba la mihogo la watu. Siku ya pili akakaa chini katikati ya barabara, bodaboda wakawa wanatuzunguka wanapiga honi. Sasa hivi tunafika mpaka kwenye mwembe bila ugomvi.

Chakula ni ugali wa muhogo, migebuka na maharage. Baba anajisifu kwamba wazo ni lake. Mama amekubali shingo upande, lakini nimesikia anaulizia bei ya jogoo wawili, maana anasema hawezi kuaibika mbele ya mtu wa Marekani.

Na ile akiba yangu ya cherehani, 70,000 imeshakaa kwenye bahasha, imeandikwa jina la mwenyewe. Zimebaki 15,000. Cherehani itasubiri. Kwa kweli nimegundua kitu kimoja, bahasha ile nikiiangalia tumbo haliniumi.

Majirani bado wanacheka. Wanasema mtu gani anapanda ndege kuja kuchunga mbuzi watatu. Na mimi nilicheka siku ile ya alpaka, ndiyo maana siwalaumu. Sisi ambao tumechunga toka utotoni tunaona ni adhabu, kazi ya kupewa mtoto mtundu. Lakini yeye alikuwa na mnyama ambaye haruhusiwi kumtembeza, na njia ambayo haruhusiwi kuipita. Huko Ohio alilipa dola 25 ili ashike kamba na aambiwe, nenda. Hata mimi ningelipa.

Kitu kimoja tu hakipo kwenye daftari langu. Njia ya kwenda mtoni inapita pale pale ilipokuwa kambi. Nimemuuliza tuzunguke au tupite katikati? Kasema atajibu akifika.

Tukijaaliwa Julai nitawaeleza ilikuwaje. Kwa leo naishia hapa, ngoja nikawaingize mbuzi ndani, wingu hilo si la mchezo.